1, 2, 4, 8, halafu ngapi?

Namba nne zimeandikwa ubaoni: 1, 2, 4, 8. Swali linalofuata kila mtu analijua: namba inayofuata ni ipi? Wengi watajibu 16 kabla muulizaji hajafunga mdomo. Kila namba ni mara mbili ya ile iliyoitangulia, kwa hiyo baada ya 8 inakuja 16.

Sasa tuseme mwanafunzi mmoja ameandika 15. Msahihishaji atamkosesha bila kusita, na mwanafunzi atarudishiwa karatasi yake akiamini kwamba hesabu zimemshinda. Nataka tumtazame vizuri mwanafunzi huyu, maana hakubahatisha. Alichukua tofauti kati ya kila namba na jirani yake, akapata 1, 2, 4. Akachukua tofauti za hizo tofauti, akapata 1, 2. Akarudia mara ya tatu, ikabaki 1 peke yake. Hapo akachukulia kwamba ile 1 ya chini kabisa itaendelea kuwa 1, akaanza kupanda: 2 na 1 ni 3, 4 na 3 ni 7, 8 na 7 ni 15. Hiyo ni njia halali inayofundishwa darasani kwa ajili ya maswali ya namna hii hii.

Na 15 yake ina maana katika ulimwengu wa vitu. Chukua donge la udongo ulikate kwa kisu kilichonyooka, bila kuvisogeza vipande. Kabla ya kukata una kipande 1. Ukikata mara moja unapata 2, mara mbili 4, mara tatu 8. Ukikata mara ya nne, hata uwe fundi wa namna gani, vipande haviwezi kuzidi 15. Mara ya tano vinafika 26, ya sita 42. Ukiwa na kisu na udongo mkononi, 16 ndilo jibu lisilowezekana.

Hatujamaliza. Namba zote zinazogawanya 88 bila kubakiza ni 1, 2, 4, 8, 11, 22, 44 na 88. Kwa kanuni hiyo jibu ni 11. Ukichukua 104 badala ya 88, jibu linakuwa 13. Anayezidisha kwa mbili lakini akaandika tarakimu ya mwisho tu atasema 6. Anayezidisha kwa mbili kisha akajumlisha tarakimu hadi ibaki moja atasema 7, kwa kuwa 1 na 6 ni 7. Yupo pia anayejibu 16 kama wewe, ila yeye kanuni yake ni kuongeza jumla ya tarakimu za namba iliyopo: 8 na 8 ni 16. Mtapongezana, halafu mtaachana hatua moja mbele, wewe ukiandika 32 na yeye akiandika 23. Huyu wa mwisho ndiye anayenifikirisha kuliko wote. Mmepata jibu moja na alama moja, na hamkuwa mkizungumzia mfuatano mmoja.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Kwenye mafumbo ya namba, mwerevu ndiye anayepata tabu, kwa sababu hulitambua kwa njia tano na ameachiwa nafasi ya kujaza jibu moja.

Kinachochanganya ni kwamba swali linataja namba ilhali linadai kanuni. Namba nne zilizoandikwa ni matokeo ya kitu fulani ambacho muulizaji anacho kichwani na hajakisema. Msomaji anaombwa aanze na matokeo, arudi nyuma hadi kwenye chanzo, kisha aende mbele hatua moja. Safari ya kwenda mbele ni rahisi, kwa sababu ukishapewa kanuni, namba inayofuata haina ubishi. Ugumu uko kwenye safari ya kurudi nyuma, ambako njia zinatawanyika.

Zinatawanyika kiasi gani? Bila kikomo, na jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa aljebra ya kawaida kabisa. Chukua mfuatano usio na ujanja wowote: 2, 4, 6, 8. Iite nafasi ya namba n, yaani ya kwanza n ni 1, ya pili n ni 2, na kuendelea. Kanuni ya kawaida ni 2n, na namba ya tano ni 10. Sasa angalia zao hili:

(n − 1)(n − 2)(n − 3)(n − 4)

Weka 1 mahali pa n: mabano ya kwanza yanakuwa sifuri, na zao lote linakuwa sifuri. Weka 2: mabano ya pili yanakuwa sifuri. Vivyo hivyo kwa 3 na 4. Kwa hiyo kanuni ya 2n ukiiongezea zao hilo, namba nne za mwanzo hazitikisiki hata kidogo, zinabaki 2, 4, 6, 8. Lakini ukifika 5, mabano yanakuwa 4, 3, 2 na 1, na zao lake ni 24. Namba ya tano inakuwa 10 na 24, yaani 34. Hutaki 34, unataka 100? Kabla ya kujumlisha, lizidishe zao hilo kwa 3.75. 3.75 mara 24 ni 90, ukiongeza 10 unapata 100. Taja namba yoyote unayoipenda, iwe hasi, iwe sehemu, iwe mamilioni. Ipo kanuni safi inayoanza na 2, 4, 6, 8 na kuishia hapo ulipotaka. Njia ya jumla ya kutengeneza kanuni za aina hii kutokana na namba zozote zile hujulikana kwa jina la mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange, aliyeichapisha mwaka 1795, ingawa Mwingereza Edward Waring alikuwa ameshaifikia mwaka 1779.

Hapa watu wengi hukimbilia hitimisho ambalo mimi silikubali: kwamba basi kila jibu ni sawa na jingine, na mafumbo haya hayana thamani. Kwamba kila jibu linawezekana hakulifanyi kila jibu kuwa na uzito mmoja. Aliyejibu 10 ana kanuni inayosemeka kwa pumzi moja: ongeza mbili. Aliyejibu 100 amebeba mabano manne pamoja na ile 3.75, ambayo imechongwa mahususi ili 100 itokee. Ukiichunguza kanuni yake utakuta jibu lilitangulia na kanuni ikafuata. Kanuni hiyo haijagundua chochote katika zile namba nne. Imezihifadhi tu, kisha ikabandika ya tano.

Tofauti hiyo inaweza kupimwa. Katika miaka ya 1960, wanahisabati Ray Solomonoff, Andrey Kolmogorov na Gregory Chaitin, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo moja: ugumu wa mfuatano ni urefu wa programu fupi kuliko zote inayoweza kuuzalisha. Kwa kipimo hicho, kanuni nzuri ni ile iliyo fupi kuliko orodha ya namba inazozieleza. Ikiwa maelezo yako ni marefu kuliko orodha yenyewe, ingekuwa nafuu kuikariri orodha. Kipimo hiki kina kasoro moja ambayo ni lazima isemwe. Urefu wa maelezo hutegemea lugha unayotumia kuyaeleza, na kwa namba nne au tano tu, tofauti ya lugha inatosha kugeuza matokeo. Aliyekulia katika jiometri huona kukata donge kwa kisu kuwa maelezo mafupi sana. Aliyezoea kompyuta huona kuzidisha kwa mbili kuwa kitu cha kwanza kabisa duniani. Ufupi ni hakimu mzuri, ila hazungumzi lugha zote.

Kwa hiyo mimi hugawa mafumbo haya katika makundi mawili. Kwenye kundi la kwanza kanuni moja ni fupi waziwazi na nyingine zote zimelazimishwa, kama 2, 4, 6, 8. Hapo anayejibu 100 anaweza kuwa sahihi kihisabati, lakini hajasikiliza alichoulizwa. Kundi la pili ndilo lenye dhuluma. Tazama 2, 3, 5. Namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, huendelea na 7. Kujumlisha namba mbili zilizotangulia huleta 8. Kuongeza 1, kisha 2, kisha 3 huleta 8 vilevile, ila baada ya hapo njia zinaachana: mmoja ataandika 13, mwingine 12. Kuzidisha kwa mbili na kutoa 1 huleta 9. Kanuni zote nne ni fupi na zinafundishwa shuleni, hakuna iliyopindishwa. Swali kama hilo likiwekwa kwenye mtihani wa kuchagua jibu, na 7, 8 na 9 zote zikawepo kwenye machaguo, kosa ni la aliyetunga. Anayeadhibiwa ni aliyejibu. 3, 5, 7 ina shida hiyo hiyo: 9 ukihesabu namba witiri, 11 ukihesabu namba tasa.

Lipo fumbo lililozunguka sana mitandaoni ambalo watu waligombania kwa siku nyingi. Linasomeka hivi:

1 + 4 = 5
2 + 5 = 12
3 + 6 = 21
8 + 11 = ?

Kambi ya kwanza ilijibu 40. Wao walichukua jibu la mstari wa juu wakalijumlisha na mstari unaofuata: 5 na 2 na 5 ni 12, 12 na 3 na 6 ni 21, 21 na 8 na 11 ni 40. Kambi ya pili ilijibu 96. Wao walizidisha namba mbili kisha wakaongeza ile ya kwanza: 1 mara 4 ongeza 1 ni 5, 2 mara 5 ongeza 2 ni 12, 3 mara 6 ongeza 3 ni 21, 8 mara 11 ongeza 8 ni 96. Kila upande uliuona mwingine kuwa kipofu.

Jambo ambalo wengi hawakuligundua ni kwamba kambi hizi hazipingani kuhusu kanuni kama zinavyodhani. Kutoka 3 kwenda 8 kuna mistari imerukwa: 4 + 7, 5 + 8, 6 + 9 na 7 + 10. Irudishe, kisha tumia kanuni ya kambi ya kwanza. 21 na 11 ni 32. 32 na 13 ni 45. 45 na 15 ni 60. 60 na 17 ni 77. Na 77 na 19 ni 96. Kanuni ya pili nayo ukiijaribu mstari kwa mstari inaleta 32, 45, 60, 77, 96, zile zile. Ugomvi wote ulikuwa juu ya swali moja ambalo mtungaji hakulijibu: mstari wa mwisho ni wa nne, au ni wa nane? Hapo ndipo palipotakiwa neno moja la maelezo.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuongeza namba. Ikiwa tatu hazitoshi, toa nane. Ikiwa nane hazitoshi, toa ishirini. Inasaidia, kwa kuwa kila namba inayoongezwa inazifuta kanuni fupi kadhaa zilizokuwa zikishindana. 2, 3, 5, 7 inamwondoa mwenye 8 na mwenye 9. Lakini hata hapo usilale: 2, 3, 5, 7, 11 huendelea na 13 kwa namba tasa, na huendelea na 101 ukichukua zile namba tasa tu zinazosomeka sawa mbele na nyuma.

Kuna mfano mmoja ambao kila nikiurudia hunishangaza upya. Anza na 1. Chukua namba ambayo wanahisabati huiita e, takriban 2.718. Zidisha kwa kipeuo chake cha pili, yaani takriban 1.6487, tena na tena, ukiandika kila tokeo baada ya kulipandisha hadi namba kamili iliyo juu yake. Utapata 1, kisha 1.65 inayokuwa 2, kisha 2.72 inayokuwa 3, kisha 4.48 inayokuwa 5, kisha 7.39 inayokuwa 8. Endelea: 13, 21, 34, 55. Yeyote anayeujua mfuatano wa Fibonacci ameshautambua, na yuko tayari kuapa kwamba inayofuata ni 89, kwa sababu 34 na 55 ni 89. Hatua inayofuata inatoa 90.017. Ikipandishwa ni 91. Namba tisa zilikubaliana bila dosari, ya kumi ikakataa. Mwanahisabati Richard Guy alikusanya mifano ya namna hii katika makala aliyoichapisha mwaka 1988, akaieleza sababu yake kwa wazo rahisi: namba ndogo ni chache mno kwa kazi nyingi zinazodaiwa kuzifanya. Mifuatano isiyohusiana inalazimika kupita kwenye vichochoro vile vile mwanzoni, kwa kuwa hakuna vichochoro vingine.

Mwanahisabati Leonhard Euler naye aliona mwaka 1772 fomula nyepesi inayozalisha namba tasa, na yenyewe hudanganya kwa muda mrefu zaidi. Chukua n, izidishe kwa yenyewe, ongeza n, ongeza 41. Ukianza na sifuri unapata 41, 43, 47, 53, 61, 71, zote tasa. Inaendelea kutoa namba tasa mara arobaini mfululizo. Ya arobaini na moja ni 1681, ambayo ni 41 mara 41. Arobaini ni nyingi kuliko namba ambazo mtahini yeyote atakuandikia.

Ukubwa wa msongamano huu unaonekana kwenye kazi ya Neil Sloane, aliyeanza kukusanya mifuatano mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell. Kitabu chake cha mwaka 1973 kilikuwa na mifuatano 2,372. Leo mkusanyo huo uko mtandaoni, unajulikana kwa kifupi cha OEIS, na umepita mifuatano 370,000. Andika humo 1, 2, 4, 8 na hutapewa jibu. Utapewa orodha ndefu ya mifuatano, kila mmoja na asili yake. Naupenda mkusanyo huo kwa sababu hiyo hasa. Haukuchagulii. Unakuuliza namba zako umezitoa wapi.

Anayejibu naye ana sehemu yake. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason wa London aliwapa washiriki 29 namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni aliyonayo. Kazi yao ilikuwa kupendekeza namba nyingine tatu tatu, naye awaambie kama zinafuata kanuni au la, na wakishakuwa na uhakika waitaje. Wengi walijaribu kwa mtindo wa 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo. Wakajaribu tena mifano ya aina hiyo hiyo, wakaambiwa ndiyo. Wakatangaza kwa kujiamini kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Haikuwa hiyo. Kanuni ilikuwa namba tatu zozote zinazopanda. Ni 6 tu kati ya 29 walioipata bila kutaja kwanza kanuni isiyo sahihi. Waliokosea hawakukosa akili. Kila jaribio lao lilikuwa la kutafuta ndiyo, na ndiyo haikutenganisha kanuni yao na kanuni ya Wason. Kujaribu 1, 2, 50 kungefichua mengi kuliko mifano kumi ya namba shufwa.

Kwenye karatasi ya mtihani huna Wason wa kumuuliza. Unachoweza kufanya ni kuandika kanuni yako kando ya jibu: "16, kwa kuwa kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia". Hapo msahihishaji ana kitu cha kupima. Mtungaji naye akiandika maneno mawili tu, "toa sababu", mwanafunzi wetu wa 15 anaonyesha ngazi zake za tofauti na anapata haki yake.

Lakini njia ninayoiamini zaidi ni kuacha kuficha chanzo. Chora duara, weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nukta nyingine kwa mstari ulionyooka, kisha hesabu vipande vya ndani. Nukta 1 haina cha kuunganisha, duara ni kipande 1. Nukta 2 zinatoa vipande 2. Nukta 3, vipande 4. Nukta 4, vipande 8. Nukta 5, ukihesabu polepole, vipande 16. Sasa nukta 6. Mkono wako tayari unataka kuandika 32, na ukihesabu utapata 31. Utahesabu tena. Ni 31.

Sababu inaonekana ukifuata mstari mmoja unapochorwa. Mstari mpya unagawa duara na kuongeza kipande kimoja, halafu unaongeza kimoja zaidi kila unapoukata mstari mwingine njiani. Kwa hiyo vipande vyote ni 1, ongeza idadi ya mistari, ongeza idadi ya makutano. Nukta 4 zina mistari 6 na kutano 1: jumla 8. Nukta 5 zina mistari 10 na makutano 5: jumla 16. Nukta 6 zina mistari 15 na makutano 15: jumla 31. Nukta 7 zinatoa 57. Hapa hakuna tena kubahatisha kanuni, kwa sababu kila kipande unajua kimetoka wapi. Na ukichukua 1, 2, 4, 8, 16 ukatumia ngazi za tofauti za mwanafunzi wetu, zinakuletea 31 ile ile.

Bado swali hili linahitaji sharti moja ambalo nililiacha makusudi. Chora nukta zako sita kwa umbali sawasawa, kama pembe za umbo la pande sita zilizo sawa. Mistari mitatu mirefu itapita yote kwenye nukta moja ya katikati, na pale ambapo pangekuwa na makutano matatu yenye kipande kidogo cha pembetatu ndani yake, pamebaki kutano moja. Hesabu vipande: ni 30. Aliyechora hivyo na kuandika 30 amehesabu sawasawa, mpaka atakapoambiwa kwamba mistari mitatu haitakiwi kukutana mahali pamoja.